Barua ya kugawiwa ploti si hati, na hukumu haifunguliwi kwa urahisi

MAELFU ya wakazi wa Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya wamehifadhi barua za kugawiwa ploti wakiamini kwamba ardhi tayari ni yao. Mahakama zimekuwa zikisema kinyume tangu miaka ya tisini: barua hiyo ni ahadi yenye masharti, wala si umiliki.

Katika maamuzi ya mwaka 1997, ikiwamo kesi ya kampuni ya Wreck Motor Enterprises dhidi ya Kamishna wa Ardhi, Mahakama ya Rufaa ilieleza kuwa mtu hupewa barua kwanza, hutimiza masharti yake, na mwishowe hutolewa hati. Aliyekwama katika ngazi ya kwanza hawezi kumshinda aliyesajiliwa kihalali.

Msimamo huo ulitiwa muhuri na Mahakama ya Juu mnamo Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ardhi yenyewe iko Embakasi, Nairobi, na ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Torino ilidai kuinunua kutoka kwa kampuni nyingine ambayo, wakati wa kuuza, haikuwa na kitu ila barua ya mwaka 1999. Barua ilitaka malipo yafanywe katika siku 30. Yalifanywa muda huo ukiwa umepita. Majaji waliamua kwamba ahadi ilikuwa imekufa. Wakaongeza jambo zito zaidi: hata aliyelipa kwa wakati hawezi kumhamishia mwingine umiliki kabla hajasajiliwa.

Biashara ya kuuziana barua, ambayo imewatajirisha mawakala wengi mijini, haina basi mguu wa kusimamia.

Uzito wa uamuzi huo unatokana na Kifungu 163(7) cha Katiba ya 2010, kinachozifunga mahakama zote za chini kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hana hiari ya kuupuuza. Wakili anayetaka kuuepuka amebakiwa na njia nyembamba, nayo ni kuonyesha kwamba mambo ya kesi ya mteja wake ni tofauti kabisa.

Hati nayo si ngao isiyopenyeka. Aprili 2023, mahakama iyo hiyo iliitupa rufaa ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti hiyo ya Nyali, iliyopakana na ufuo, iligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kisha ikapita mikono mingine hadi kuifikia Dina. Mahakama ilipochunguza chimbuko, ilikuta ardhi ya umma iliyogawiwa bila kufuata sheria. Kutazama sajili pekee hakukumwokoa mnunuzi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaruhusu hati kupingwa iwapo ilipatikana kinyume cha sheria au kwa njia ya ufisadi.

Lakini kama hati yaweza kufunguliwa, hukumu ni vigumu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakataza kesi mpya juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kikamilifu na mahakama yenye mamlaka, baina ya wahusika wale wale au wanaodai kupitia kwao. Kubadilisha jina la mlalamikaji, baba akamwachia mwana au kampuni ikamwachia mkurugenzi, hakusaidii. Hoja iliyopaswa kutolewa mara ya kwanza ikaachwa huhesabiwa kuwa imeamuliwa pia.

Ushahidi mpya waweza kufungua mlango wa mapitio, mradi mwombaji athibitishe kwamba hangeweza kuupata hapo awali hata kwa bidii. Kuchelewa kuitafuta risiti iliyokuwa nyumbani si sababu. Mahakama ya Juu nayo huzipitia hukumu zake kwa nadra, mathalan zilipopatikana kwa ulaghai.

Kwa aliyeshindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, muda wa kuwasilisha ilani ya kukata rufaa ni siku 14 tangu uamuzi kutolewa.