Gari la Stima, Chai ya Salgaa na Deni la Hongo

Kwanza tuelewane. Nikisema Rongai, simaanishi ile ya Kajiado yenye matatu za muziki wa kupasua madirisha. Naongea kuhusu Rongai ya Nakuru, ile ya reli, mahindi na mkonge, ambapo ukitoka kidogo hadi barabara kuu unakutana na Salgaa na foleni yake ya malori.

Siku hizi, katikati ya hayo malori, unaweza kuona gari dogo likiingia kimya kimya kama paka. Dereva anashuka, anaagiza chai na chapati, halafu anauliza swali ambalo mama wa hoteli hajawahi kuulizwa: "Hapa naweza kuchaji gari?"

Kuna wasee wanasema hili ni jambo jipya kabisa, halina sheria, kila mtu ajipange. Mimi napinga. Gari ndilo jipya. Swali lenyewe ni la kale: msafiri akisimama kwa mwenyeji kutafuta nguvu ya kuendelea na safari, achukue nini, na alipe nini? Barabara hii imekuwa ikijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 130, na kuna mwaka ililijibu kwa damu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie mhadhara. Tarajia stori, na mwisho nitakuambia sheria zangu.

Hongo haikuwa rushwa

Leo ukisikia neno hongo unafikiria askari na noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Lakini kwenye karne ya 19, hongo ilikuwa malipo ya wazi. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipopita nchi ya watu, ililipa kwa vitambaa, shanga na waya ili ipate njia, maji na usalama. Joseph Thomson alipopita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alilipa hongo kama wengine. Kulipa ilikuwa njia ya kusema: najua hapa si kwetu.

Mbele ya Rongai, kule Baringo, Wailchamus walikuwa wakilima kwa kumwagilia mashamba, na misafara ilijua hapo ndipo pa kununua nafaka kabla ya kuendelea. Kwa lugha ya leo, Baringo ilikuwa kituo cha kuchaji. Betri yenyewe ilikuwa miguu ya wapagazi, na ilichajiwa kwa mtama.

Sasa angalia mambo yanavyoharibika mgeni akisahau adabu. Novemba 1895, msafara wa watu karibu 1,000, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waswahili, ulikuwa unarudi kutoka Eldama Ravine kupeleka mizigo ya serikali. Walipofika bonde la Kedong, chini ya mteremko wa Mai Mahiu, wakapumzika kwenye nchi ya Wamaasai. Badala ya kukaa kama wageni, baadhi yao waliwasumbua wasichana na kuingilia mifugo ya wenyeji. Wamaasai wakawavamia. Zaidi ya watu 500 waliuawa. Mfanyabiashara mmoja Mzungu, Andrew Dick, akaenda kulipiza kisasi, naye akauawa baada ya kuua Wamaasai wengi.

Kinachonishangaza ni kilichofuata. Serikali ya kikoloni, ambayo kwa kawaida haikuhitaji sababu kubwa ya kuwapiga Waafrika, ilichunguza ikaona kwamba msafara ndio uliochokoza. Mgeni ndiye aliyekosa. Na wengi waliokufa pale walikuwa wapagazi tu, watu waliobeba mizigo isiyo yao, wakalipia tabia ya wachache. Ukishuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, unapita hapo hapo. Kumbuka hilo unapofikiri adabu ya barabarani ni mambo ya kupendeza tu.

Treni nayo ilikuwa na kiu

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwisho wa 1901. Watu wanaikumbuka kwa simba wa Tsavo, lakini wanasahau kwamba ile treni ilikuwa na tatizo moja na gari la stima: haikuweza kwenda mbali bila kusimama. Ilihitaji maji na kuni. Ndiyo maana vituo vilikaa vilivyokaa.

Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Abiria wenye pesa walishuka vituo kama Voi na Makindu, wakala haraka haraka kwenye nyumba za wageni zilizoitwa dak, wakarudi ndani. Haikuwezekana kukaa mezani ukipiga stori kisa chai ni tamu. Treni ikishapata maji yake, inaondoka, kwa sababu njia ni moja na kuna nyingine nyuma.

Miaka ya 1920 reli ikatoka Nakuru, ikapita Rongai, ikapanda hadi Timboroa na kushuka Eldoret. Kituo cha Timboroa kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hesabu hiyo iweke akilini, nitairudia.

Lakini kituo kinapendwa tu wakati msafiri anakihitaji. Lami ilipochukua abiria, pesa nazo zikahama kutoka kando ya reli kwenda kando ya barabara. Salgaa ikawa mahali pa malori kulala: hoteli, gereji, vyumba, nyama choma, kila kitu kikitegemea dereva asimame. Wakati huo huo mali ikawa inapita mbele ya watu wasio na kitu. Tarehe 31 Januari 2009, tangi la mafuta lilipinduka Sachangwan, mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Sitafanya hadithi ndefu kwa msiba wa watu. Nasema tu: nishati ikipita kwa jirani bila kumwachia chochote cha halali, hapo kuna hatari.

Tulishajifunza kuchaji

Halafu tukafika enzi za simu. Kama umekulia mahali pasipo na stima, unajua vile vibanda: betri ya gari au jenereta, waya kama tambi, na simu 20 zimepangwa kwenye kaunta kila moja na kikaratasi cha namba. Unaacha simu, unalipa shilingi 20, unarudi jioni. Hakuna wizara iliyoandika kanuni, lakini zilikuwepo. Huchomoi simu ya mwenzako. Hudai bure kwa sababu umenunua soda. Mwenye kibanda akisema stima imepungua, imepungua.

Kwa hivyo usiniambie Wakenya hawajui adabu ya kuchaji. Tunaijua. Tatizo ni kwamba mtu akishapata gari la mamilioni anafikiri kanuni za kibandani hazimhusu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme umechukua yuniti 30, na mwenye hoteli ananunua kila yuniti kwa shilingi 25. Hiyo ni shilingi 750. Wewe umekula chai na chapati mbili. Faida yake kwenye hiyo chai haifiki hata robo ya tokeni ulizomnywea. Mwaka 2023 serikali iliweka bei maalum ya stima ya magari, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini mama wa hoteli mwenye mita ya kawaida hanunui kwa bei hiyo. Na utani mchungu ni kwamba sehemu kubwa ya stima hii inachimbwa hapa hapa kaunti ya Nakuru: Olkaria inazalisha tangu 1981, na mvuke wa Menengai nao umeingia kwenye gridi. Tumekaa juu ya chungu kinachochemka, lakini bado tunahesabu tokeni.

Sheria zangu, chukua au acha

Moja, piga hodi. Soketi ya nje si maji ya mvua. Uliza kama waya zinaweza kubeba gari, maana gari linavuta mfululizo kwa masaa, na kama friji na birika viko laini hiyo hiyo, utazima jikoni nzima. Ekstensheni ya kuvuka njia ya wahudumu wenye supu moto, hapana.

Mbili, lipa stima kando, chakula kando. Kubalianeni bei kabla ya kuchomeka. Hiyo ndiyo hongo ya zamani, ile safi.

Tatu, ukifika asilimia 80 kwenye chaja ya haraka, ondoka. Zaidi ya hapo betri inameza polepole, na unayemchelewesha nyuma yako hana mahali pengine. Ile ilikuwa kanuni ya treni.

Nne, usichomoe gari la mtu bila kumwita. Nawe ukiingia kula, acha namba yako kwenye kioo.

Tano, na hii ni ya huku kwetu: anayepanda atangulie anayeshuka. Kutoka Rongai hadi Timboroa unapanda zaidi ya mita 800. Gari la kilo 1,800 linahitaji yuniti kama 4 kwa ule mlima peke yake, juu ya zile za mwendo wa kawaida. Anayeshuka kuelekea Nakuru anarudishiwa kiasi na mteremko. Basi mwache wa Eldoret achaji kwanza.

Sita, boda ya umeme ikifika, mpishe. Wewe unasafiri, yeye yuko kazini.

Na wenye hoteli nao wasikilize. Andikeni bei ukutani ili isibadilike kulingana na sura ya mteja au ukubwa wa gari. Msiache pikapu ya dizeli ikae siku nzima mbele ya soketi mnayoitangaza. Mgeni akilala salama na akalipa haki, atarudi, na atawaambia wengine.

Najua kuna watakaosema naongea kama magari haya yamejaa, na bado ni machache. Ndiyo maana naongea sasa. Gari likiwa moja, adabu ni rahisi. Yakiwa 15 na soketi ni mbili, usiku, mvua inanyesha na stima imepotea mara mbili, hapo ndipo tutajua kama tulijifunza chochote kutoka Kedong hadi kwa kibanda cha simu. Barabara hii imezoea wageni. Imewalisha wapagazi, abiria wa treni na madereva wa trela. Italisha na wenye betri pia, mradi wapige hodi na walipe.