Fungu la Kumi: Deni au Shukrani?

Kila mwaka bahasha zinapogawiwa usharikani, swali lile lile huturudia: je, fungu la kumi ni deni tunalodaiwa na Mungu, au ni shukrani yetu kwake? Historia yaweza kutusaidia.

Tunalikuta kwanza katika Mwanzo 14. Abramu, akitoka vitani, alibarikiwa na Melkizedeki, naye akampa sehemu ya kumi ya vitu vyote. Sheria ilikuwa haijatolewa bado. Baadaye Torati iliwapa Walawi fungu hilo, kwa kuwa hawakuwa na urithi wa ardhi (Hesabu 18). Tena kila mwaka wa tatu mgeni, yatima na mjane nao walikula humo wakashiba (Kumbukumbu la Torati 14).

Kanisa la mwanzo halikutoza zaka. Paulo aliwataka Wakorintho watoe kwa hiari, na katika karne ya 2 Justin Martyr aliandika kwamba michango ya Jumapili iliwatunza yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa.

Amri zilikuja baadaye. Mwaka 585 sinodi ya Mâcon, katika Ufaransa ya leo, iliwatishia wasiotoa kwamba watatengwa na Kanisa. Katika karne ya 8 mfalme Charlemagne aliifanya zaka kuwa sheria ya nchi, akawatoza hata Wasaksoni aliowashinda vitani. Mwaka 796 mshauri wake Alcuin alilalamika kwamba zaka ilikuwa ikiiangamiza imani ya watu wale.

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani walidai zaka ya nafaka imtunze mchungaji waliyemchagua wenyewe, na inayobaki iwafae maskini. Luther alikataa wasijitwalie mali hiyo. Lakini mwaka huo huo alifundisha kwamba sheria ya Musa haitufungi sisi, ingawa zaka ni mfano mzuri: mavuno yakipungua, nayo hupungua.

Basi, washarika wapendwa, tutoe, na tutoe kwa mpango, maana kazi ya Injili yahitaji mali. Ila sisi wachungaji tukiri kwamba pengine tumeisoma Malaki 3 kama hati ya madai. Mjane akikaa nyuma kanisani kwa aibu ya bahasha tupu, tumeigeuza Torati juu chini. Fungu lile lilikuwa lake pia.