NANI AMECHEZA SANA, NA NANI AMEFUNGA SANA?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Historia.

Sogeeni karibu na redio ili msikie vizuri. Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aishike. Leo tutasoma historia, lakini historia ya leo haina mfalme wala vita. Ni historia ya mpira wa miguu. Tutajifunza habari za timu yetu ya taifa, Taifa Stars: nani ameichezea mara nyingi, na nani ameifungia mabao mengi.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi nimekuja hapa kujifunza kusoma na kuhesabu. Mpira wanihusu nini?" Vumilia kidogo, ndugu yangu. Sikiliza kwanza, kisha utaamua mwenyewe.

Siku moja nilipita Mwaloni, pale Kirumba, katika soko la dagaa. Nikakuta ubishi mkubwa. Kijana mmoja mpakiaji alikuwa akisema, "Babu, hakuna mtu aliyeifungia Taifa Stars kama Mrisho Ngassa. Hesabu ipo." Mzee aliyekaa juu ya gunia akamjibu, "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa wapi Peter Tino alipofunga kule Ndola?" Watu wakacheka. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Wewe ni mtu wa vitabu, hebu tuamulie."

Sikuweza kuamua palepale. Basi somo la leo ndilo jibu langu kwa wote wawili.

MWANZO WA TIMU YETU

Zamani, kabla ya Uhuru, nchi za Afrika ya Mashariki zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage. Kombe hilo lilipewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Kenya na Uganda zilianza kulishindania mwaka 1926. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945. Katika mchezo wake wa kwanza, uliochezwa Nairobi, Tanganyika ilifungwa na Uganda mabao 7 kwa 0.

Andikeni katika madaftari yenu: 1945, 7 kwa 0. Tutaihitaji hesabu hiyo baadaye.

Wachezaji wale hawakukata tamaa. Mwaka 1949 Tanganyika ililichukua Kombe la Gossage kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 tukapata Uhuru. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na mwaka huohuo chama chetu cha mpira kikaingia katika FIFA, yaani chama cha mpira cha dunia nzima. Mwaka 1974 timu yetu ilichukua Kombe la Challenge, ambalo ndilo lililofuata baada ya Kombe la Gossage. Iliishinda Uganda kwa mikwaju ya penalti mjini Dar es Salaam.

NDOLA, MWAKA 1979

Sasa tufike kwa mzee wetu wa Mwaloni. Mwaka 1979 Tanzania na Zambia zilishindania nafasi ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda 1 kwa 0. Mchezo wa pili ulichezwa Ndola, katika nchi ya Zambia, mwezi wa Agosti. Wazambia walitangulia kufunga. Dakika zikapungua. Ndipo, karibu na mwisho wa mchezo, Peter Tino akasawazisha. Ikawa 1 kwa 1, na Tanzania ikapita.

Basi, kwa mara ya kwanza, nchi yetu ikaenda fainali. Zilichezwa Nigeria mwezi wa Machi 1980. Nahodha wetu alikuwa Leodegar Tenga. Tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, tukafungwa na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare na Ivory Coast 1 kwa 1. Katika mabao yetu matatu, Thuwein Ally alifunga mawili na Juma Mkambi moja. Baada ya hapo ilipita miaka 39 kabla ya Mtanzania mwingine kufunga katika fainali hizo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 alikuwa mtu mzima alipoliona bao hilo.

KIJANA WA MWANZA

Sasa tumtazame yule anayetajwa na kijana. Mrisho Ngassa alizaliwa hapahapa Mwanza mwaka 1989. Baba yake, Khalfan Ngassa, naye alikuwa mchezaji aliyejulikana, aliyeichezea Pamba ya Mwanza. Mrisho hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Silaha yake ilikuwa mbio. Alichezea Kagera Sugar, kisha Young Africans, Azam na Simba.

Aliingia Taifa Stars mwaka 2006. Alipoichezea mara ya mwisho mwaka 2015, alikuwa amehesabiwa michezo 100 na mabao 25. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefikisha mabao mengi hivyo katika hesabu iliyoandikwa. Baada yake, Mbwana Samatta na Simon Msuva walimfuata kwa karibu, kila mmoja akapita mabao 20. Kwa wingi wa kucheza, Erasto Nyoni naye alipita michezo 100.

Neno moja kuhusu hesabu ya michezo. Zamani, huko Uingereza, mchezaji aliyeitwa timu ya taifa alipewa kofia. Akicheza mara kumi, ana kofia kumi. Sisi hatuna desturi ya kofia, lakini hesabu ni ileile: kila mchezo wa nchi na nchi ni alama moja.

TUFANYE HESABU

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: michezo 100, mabao 25.

Wanafunzi, gaweni 100 kwa 25. Mnapata ngapi? (Kimya kidogo.) Vema, mnapata 4. Maana yake, kwa wastani, Ngassa alifunga bao moja katika kila michezo minne.

Lakini sikilizeni. Tarehe 1 Desemba 2012, katika Kombe la Challenge mjini Kampala, Taifa Stars iliifunga Somalia mabao 7 kwa 0. John Bocco alifunga mawili. Ngassa peke yake alifunga matano. Tazameni sasa madaftari yenu. Mwaka 1945 Uganda ilitufunga saba. Miaka 67 baadaye, katika ardhi ya Uganda, sisi ndio tulifunga saba.

Toeni mabao hayo matano katika 25. Yanabaki 20. Toeni mchezo ule mmoja katika 100. Inabaki 99. Sasa ni kama bao moja katika michezo mitano. Mnaona? Siku moja njema hubadili hesabu ya miaka tisa. Somalia wakati ule ilikuwa nchi iliyochoshwa na vita, na timu yake ilikuwa dhaifu. Je, bao moja kati ya yale matano lina uzito sawa na bao la Peter Tino kule Ndola? Katika daftari, ndiyo. Kila bao ni moja. Moyoni mwa watu, siyo.

Wala msidhani kuwa Ngassa alizifunga timu dhaifu tu. Mwaka 2009, katika mashindano ya CHAN ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, yeye ndiye aliyefunga bao tulipoishinda Ivory Coast 1 kwa 0 nyumbani kwao.

Kuna fumbo jingine. Ni mchezo upi uhesabiwe, na upi usihesabiwe? Mchezaji wa Zanzibar, kama Nadir Haroub, aliichezea Zanzibar katika Kombe la Challenge, kisha akaichezea Taifa Stars katika mashindano ya Afrika. Michezo yake ya Zanzibar haiingii katika hesabu ya Stars, ingawa jasho ni lilelile. Kwa hiyo, mtu akikutajia idadi, muulize kwanza: umehesabu nini?

HABARI YA CHITALU

Sasa nitawaambia habari ya jirani yetu. Zambia walikuwa na mfungaji hodari, Godfrey Chitalu. Mwaka 2012 dunia nzima ilimsifu Lionel Messi wa Argentina kwa kufunga mabao mengi katika mwaka mmoja. Alimaliza mwaka ule na mabao 91. Ndipo Chama cha Mpira cha Zambia kikasema, "Ngojeni. Chitalu wetu alifunga mabao 107 mwaka 1972." FIFA ikajibu kwamba haina kumbukumbu za michezo ya ligi za nchi, hivyo haiwezi kuithibitisha hesabu hiyo.

Chitalu mwenyewe hakuwapo kusema lolote. Alifariki mwaka 1993, katika ajali ya ndege karibu na Gabon, akiwa mwalimu wa timu ya taifa ya Zambia. Aliyefunga hayupo, watazamaji wamezeeka, na ushahidi haukutosha kuiridhisha dunia. Je, hilo halisikitishi?

Nasi tuna watu wa namna hiyo. Wale waliolichukua Kombe la Gossage mwaka 1949 hawakuwekewa daftari kamili. Wengi wa miaka ya 1950 na 1960 walicheza, walifunga, wakarudi mashambani, bandarini, au katika mitumbwi yao. Ndiyo sababu orodha ya wafungaji wetu imejaa watu wa miaka ya karibuni. Siyo kwamba wa zamani hawakujua kufunga. Walikosa mwandishi.

HESABU NA MTU WA KAWAIDA

Wakazi wa kanda hii ya Ziwa wanaijua shida ya hesabu bila kufundishwa na mtu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho moja hapa Mwanza, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Sababu moja kubwa ya kuungana ilikuwa mizani. Mkulima alifika na mzigo wake, mnunuzi akapima, akataja idadi, na mkulima akapokea alichopewa. Asiyeweza kuusoma mshale wa mizani alipunjwa, akarudi nyumbani akinung'unika. Wakulima wakaweka watu wao wa kusimama karibu na mizani na kusoma.

Mchezaji asiyeandikwa ni kama mkulima yule. Kazi ameifanya, lakini hesabu iko mkononi mwa mwingine, au haipo kabisa.

MACHI 2019 NA BAADAYE

Tumalizie kwa habari njema. Tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, Taifa Stars iliifunga Uganda 3 kwa 0. Wafungaji walikuwa Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris. Tukaenda fainali Misri, tukafungwa michezo yote mitatu, lakini Msuva na Samatta waliifunga Kenya bao moja kila mmoja. Katika fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, Msuva aliifunga Zambia, tukatoka sare 1 kwa 1. Na mwezi Novemba 2024 Msuva huyohuyo aliifunga Guinea bao moja, likatupeleka fainali za Morocco. Mabao hayo yote yana tarehe, mahali, na jina la mfungaji. Hakuna atakayebishana juu yake.

JIBU LANGU

Sasa namjibu kijana wa Mwaloni. Mjukuu, umesema kweli. Kwa hesabu iliyoandikwa, Mrisho Ngassa wa Mwanza alimaliza na mabao 25, na alipoondoka mwaka 2015 hakuna aliyekuwa juu yake. Hesabu hiyo hubadilika kila Stars inapocheza, kwa hiyo usiache kuifuatilia.

Nawe mzee wangu, shikamoo tena. Umesema kweli pia. Bao moja la Ndola liliipeleka nchi nzima mahali ambapo haijawahi kufika. Lakini mzee, wewe uliwaona wachezaji wengi ambao hawamo katika orodha yoyote. Watakapokuuliza wajukuu zako, usiseme majina tu. Mwite anayejua kuandika, umwambie: fulani, timu fulani, uwanja fulani, mwaka fulani. Tena, wewe mwenyewe ungeweza kuja darasani, kiti kipo.

KAZI YA DARASA

1. Someni kwa sauti maneno haya: bao, sare, nahodha, wastani, kumbukumbu.

2. Mchezaji mmoja amecheza michezo 60, akafunga mabao 12. Alifunga bao moja katika kila michezo mingapi?

3. Jadilianeni: Je, bao lililofungwa dhidi ya timu dhaifu lihesabiwe sawa na bao la siku ngumu? Kila mmoja atoe sababu zake.

4. Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja aliyecheza mpira zamani, Ilemela, Nyamagana, Ukerewe au popote alipo. Mwamkie, mwombe ruhusa, kisha uandike mambo manne: jina la timu yake, uwanja aliochezea, mwaka, na bao analolikumbuka kuliko yote. Asiyeweza bado kuandika sentensi nzima aandike mwaka na idadi ya mabao. Mwalimu atakusanya kurasa hizo na kuzishona ziwe daftari moja la darasa.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la leo. Fungeni madaftari, lakini msiyatupe. Kwaherini, wanafunzi wapenzi.