Nani Afundishwe Kurusha Picha? Somo la Miaka Tisini

Kila vyuo vyetu vinapojadili iwapo wanafunzi wafundishwe kurusha matangazo mbashara kwa video, mjadala huishia kwenye vifaa: kamera ngapi, kompyuta zipi, intaneti ya kasi gani. Ni maswali halali. Hata hivyo, historia inaonesha kwamba swali zito limekuwa jingine siku zote: nani anaaminiwa kushika kamera, na nani anaamua kitakachooneshwa?

Tuanze Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofadhiliwa na Carnegie Corporation ya Marekani, ulitengeneza filamu fupi 35 chini ya Meja L. A. Notcutt. Filamu hizo zilizungushwa kwa lori Tanganyika na katika makoloni ya jirani, zikihimiza kilimo bora, kuweka akiba posta na kujikinga na safura. Waafrika walikuwa waigizaji na wasaidizi. Uamuzi wa nini kisimuliwe, na kwa faida ya nani, ulibaki kwa wageni.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda kasi, hivyo filamu zake zilikuwa za polepole na sahili mno. Hata hivyo, kitengo hichohicho kilifungua shule ya filamu mjini Accra mwaka 1948, ikiwa na wanafunzi sita, watatu wa Gold Coast na watatu wa Nijeria. Mmoja wao, Sam Aryeetey, baadaye aliliongoza shirika la filamu la Ghana huru. Mkoloni alikusudia kupata mafundi. Akajikuta amelea waamuzi. Ujuzi haubaki ndani ya mipaka aliyoiweka aliyeutoa.

Baada ya uhuru, hofu ya kamera haikuondoka pamoja na gavana. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, na vituo binafsi ndivyo vilivyotangulia. Hoja ya viongozi wa wakati wa Ujamaa, kwamba televisheni ingekuwa anasa ya wachache mjini huku kijiji kikikosa maji, haikuwa ya kipuuzi. Lakini ilikuwa na gharama yake. Chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 kiliwaandaa vijana katika nchi ambayo upande wake wa Bara haukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vituo vilipofika, sehemu kubwa ya ufundi ilibidi ijifunzwe kazini.

Mvutano wa sasa ni sura mpya ya jambo hilohilo. Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mbashara vikao vyote vya Bunge, ikitaja gharama. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zikawataka wenye televisheni za mtandaoni kulipia leseni. Mwaka huohuo, tarehe 30 Januari, Serikali ya Kenya ilizima vituo vikubwa vya televisheni wakati Raila Odinga akila kiapo katika bustani ya Uhuru, na watazamaji wakahamia mtandaoni. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliopinga Muswada wa Fedha walipoingia katika eneo la Bunge jijini Nairobi, simu za mkononi ziliirusha siku ile kwa dunia. Mwaka mmoja baadaye, mamlaka ya mawasiliano iliviagiza vituo viache kurusha maandamano mbashara. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo.

Kwa hiyo, anayedhani kwamba kutofundisha kutazuia kurusha hajaitazama historia. Vijana tayari wanarusha. Wanachokosa ni nidhamu ya kazi hiyo, na upungufu huo una madhara. Gazeti lina mhariri kabla ya mtambo wa kuchapa. Tangazo mbashara halina. Sura ya mwandamanaji ikishaonekana, hairudishwi gizani. Maiti ya ajali ikioneshwa kabla ndugu hawajaarifiwa, kuomba radhi hakufuti kitu.

Mtaala unaostahili jina hilo, basi, uwe na mambo manne. Kwanza, ufundi, pamoja na hesabu yake: tangazo la megabiti 4 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.8 kwa saa, na chuo kisipolipia kifurushi, somo litakuwa la watoto wa wenye nacho. Pili, sheria: leseni, kashfa, faragha na haki ya kupata habari. Tatu, uamuzi: lini kuchelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa, lini kugeuza kamera, lini kuizima. Nne, kumbukumbu: kuhifadhi video pamoja na tarehe, mahali na jina la mrushaji, ili miaka thelathini ijayo mwanahistoria asitegemee vipande vilivyokatwakatwa.

Na mahali pa mazoezi papo. Mikutano ya mabaraza ya madiwani iko wazi kwa wananchi kwa mujibu wa sheria, lakini mkulima aliye kilomita 60 kutoka makao makuu ya halmashauri hawezi kupoteza siku na nauli kuifuata. Chuo na halmashauri viandikiane makubaliano: wanafunzi warushe kikao kizima, bila kukata, chini ya mwalimu. Mwanafunzi atajifunza kuvumilia ajenda ndefu. Diwani atajifunza kusema akijua kwamba anasikika. Mtumishi wa umma hatakuwa na sababu ya kuiogopa kamera iliyoalikwa kwa barua, inayoonesha kikao kuanzia kufunguliwa hadi kufungwa. Vugiri, mwananchi aliletewa picha kwa lori ili aambiwe la kufanya. Safari hii apelekewe picha ili awaulize waliomwahidi.