Wiki za Mwanzo za Mtoto wa Mbwa

Kwa muda mrefu wafugaji wengi waliamini kwamba woga wa mbwa ni suala la damu tu. Imani hiyo ilitikiswa katika maabara ya Bar Harbor, Maine, nchini Marekani. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao: watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, mbali na watu. Waliozoeshwa binadamu wangali na wiki tano au saba walimkaribia mtu upesi. Walioachwa hadi wiki ya 14 walimkimbia, na kuwatuliza kukawa kazi kubwa.

Mtu atasema damu ina nguvu, na ni kweli. Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo, alikuwa mwoga na mwepesi wa kung'ata katika wiki ya tano. Lakini aliposhikwashikwa alitulia haraka. Wengine huhofia magonjwa kabla ya chanjo kukamilika. Hofu hiyo ni ya haki, ila mtoto anaweza kupakatwa na wageni walionawa mikono, akasikia sufuria ikianguka, bila kukanyaga barabarani. Mfugaji asiyefanya hivyo anamwonea mbwa na mnunuzi pia.