Sanaa na Lugha katika Shule za Kagera: Nani Mwenye Kuzigharimia?

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, mara nyingi tunautaja kama kitu kisicho na bei. Husemwa kwamba ngoma, hadithi na lugha ni mali ya wananchi wenyewe, hivyo zitadumu, serikali iwe na fedha au isiwe nazo. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini historia haikubaliani nayo. Katika makala haya tunakusudia kuutazama mkoa wa Kagera, na hasa Bukoba na Muleba, ili kuonyesha kwamba sanaa na lugha walizofunzwa watoto zilikuwa na mwenye kuzigharimia katika kila zama, na kwamba zilififia pale mgharimiaji huyo alipojitoa.

Kabla ya ukoloni, vijana wa Kihaya walikusanywa kwa marika katika ikulu za wafalme kwa mafunzo yaliyojulikana kama omuteko. Huko walifunzwa ushujaa, adabu, ngoma na ebyebugo, yaani majigambo ya kishujaa. Huko pia walisikika waimbaji wa enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika ubao mfano wa hori, wakisimulia kwa wimbo habari za wafalme na mashujaa. Waliotumikia ikulu hawakushiba sifa tu: mfalme aliwalisha na kuwatuza. Mfumo huo ulikuwa wa kitabaka, wala hatuutamani urudi. Lakini ulitambua kwamba anayemfundisha kijana historia ya kwao anafanya kazi, na mfanya kazi hula.

Wamisionari walipoingia Kashozi mwaka 1892, na seminari ya Rubya ilipoanzishwa mwaka 1904, gharama ilihamia mikono mingine. Misheni zilifundisha kwaya na kuchapa vitabu kwa Kihaya, ilhali ngoma zilizohusiana na ibada za jadi zilipigwa vita. Hata hivyo, ni katika kiwanda cha uchapaji cha Rumuli, Kashozi, kilichokuwa cha kanisa, ndimo kilimochapwa mwaka 1949 kitabu cha F. X. Lwamgira juu ya historia ya Kiziba. Mwaka uliofuata wakulima wa kahawa waliunda chama chao kikuu cha ushirika, na kahawa ikawa ndiyo mkoba wa elimu wa wazazi wengi wa Buhaya.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Ngoma zilirudishwa viwanjani. Ngonjera zikasikika kila sherehe ya shule. Halikadhalika, mkoa huu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya mradi wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa pamoja na UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972. Kihaya, kwa upande wake, hakikupewa nafasi darasani. Kwa taifa lililokuwa likijijenga uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, ila ulimaanisha kwamba urithi uliohifadhiwa kwa Kihaya ungeingia shuleni kwa mlango wa sanaa peke yake. Mlango huo ulipofungwa, haukubaki mwingine.

Nao ulifungwa polepole. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha hazina ya nchi, sambamba na kupanda kwa bei ya mafuta. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Mzazi akatakiwa kuchangia. Lakini mzazi wa Kagera alichangia kwa kutumia nini? Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Isitoshe, tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani humo mwaka 1983, familia nyingi zilikuwa zikizika wenye nguvu na kulea yatima. Mkoba wa serikali na mkoba wa kahawa ulitoboka wakati mmoja. Nchini kote, uandikishaji wa shule za msingi, uliokaribia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka hadi asilimia 78 mwaka 2000.

Katika hali hiyo mwalimu mkuu aliye na fedha za chaki tu hawezi kulaumiwa kwa kununua chaki. Mtihani haumwulizi mtoto wimbo. Hata ada ilipofutwa tena na kila mwanafunzi kutengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, kuanzia 2002, fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu, vifaa vya kuandikia, ukarabati, mitihani na utawala. Ngoma haikuwa na fungu lake. Katika mtaala wa 2005 muziki na sanaa viliwekwa ndani ya somo la Stadi za Kazi, pamoja na mapishi na ushonaji. Halafu tetemeko la Septemba 10, 2016 likabomoa majengo ya shule kadhaa za Bukoba, zikiwamo Ihungo na Nyakato. Na penye ukuta ulioanguka, nani angethubutu kudai zeze?

Kukosa fungu hakuui sanaa mara moja. Kunaihamishia kwa wenye uwezo. Enanga ya Habibu Selemani ilipata kusikilizwa na kila mtu, na Profesa M. M. Mulokozi aliifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wa namna hiyo umeuokoa urithi katika maandishi. Lakini mtoto wa Kashai, kata ya mjini yenye watu wengi waliotoka pande mbalimbali, anayezungumza Kiswahili na wenzake tangu asubuhi hadi jioni, atakutana wapi na enanga? Mwenye fedha atamlipia mwanawe mwalimu wa muziki. Asiye nazo alikuwa na shule ya umma pekee.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeirudishia sanaa jina lake katika shule za msingi, katika somo la Sanaa na Michezo. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, yatubidi tukumbuke kwamba jina la somo halichongi ala wala halimlipi mpigaji. Kinachohitajika si kikubwa: kila halmashauri itenge fungu dogo, lenye jina lake katika makadirio, la kununulia ala na kumlipa fundi wa jadi anayekuja kufundisha. Fungu lisilo na jina ndilo hufutwa kwanza, wala hakuna anayeona limefutwa.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Wengi wetu tumezoea kulielekeza neno hilo kwa vijana. Historia ya Kagera yatuonya tulielekeze pia kwetu sisi tunaoandika bajeti.