Wachoraji wengi wa Jahanamu, wachache wa Peponi



Mpe mtu kalamu na karatasi umwambie akuchoree Jahanamu. Kabla chai yako haijapoa atakuwa ameshakupa ndimi za moto, mapembe, mikia na watu wanaolia. Sasa mwambie achore Pepo. Hapo utamwona anakuna kichwa. Atachora mawingu, labda na miali ya nuru, kisha kalamu itasimama.

Huu si mzaha wa vijiweni. Uko utenzi mmoja wa Kiitaliano ambao umewaweka wachoraji katika shida hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka mia sita, na baadhi yao walikuwa mafundi wakubwa mno.

Mtunzi wake ni Dante Alighieri, aliyezaliwa Florence mwaka 1265. Alikuwa mshairi, na alikuwa mwanasiasa. Mwaka 1302 mahasimu wake waliposhika mji walimfukuza, wakatoa hukumu kwamba akikamatwa achomwe moto. Hakurudi tena. Alifia Ravenna mwaka 1321, na huko uhamishoni ndiko alikotunga kazi aliyoiita Komedia. Jina hilo lisikupotoshe ukadhani ni mchezo wa kuchekesha. Kwa watu wa zama zile, komedia ilikuwa ni hadithi inayoanza kwa mashaka na kuishia kwa heri. Liweke akilini neno hilo, kuishia kwa heri.

Utenzi una tungo 100: 34 za Jahanamu, 33 za Toharani na 33 za Peponi. Kwa kipimo, basi, sehemu hizo tatu ni sawasawa. Lakini waulize waliousikia kwa mbali tu, watakutajia Jahanamu peke yake. Je, ni nani aliyewakatia utenzi vipande? Nadhani wachoraji wana sehemu yao katika lawama hiyo.

Tuanze na Sandro Botticelli, naye mtu wa Florence. Kwenye miaka ya 1480 na 1490 alichora utenzi mzima juu ya ngozi za kondoo, kila utungo na ngozi yake. Zilizosalia ni 92. Nyingi zipo Berlin na 7 zipo Vatikani. Jahanamu yake imejaa watu mpaka jicho linachoka. Akifika Peponi, mistari inapungua. Karibu kila ngozi ni duara moja, na ndani yake Dante na mpenzi wake Beatrice, basi. Katika mojawapo ya ngozi za mwisho kuna vijitu vidogo juu kabisa, na mahali pote palipobaki ni peupe. Wengine husema kazi haikukamilika, na kweli ni chache mno zilizotiwa rangi. Mimi naona weupe ule una adabu yake, kwa sababu Dante mwenyewe huko Peponi anakiri mara kwa mara kwamba maneno yamemwishia.

Mwingereza William Blake alianza kazi hiyo mwaka 1824 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na alikuwa bado anaifanya alipofariki mwaka 1827. Aliacha michoro 102. Hebu sikiliza hesabu yake: Jahanamu 72, Toharani 20, Peponi 10. Na huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na Dante humo humo kazini, kwani juu ya mchoro mmoja aliandika maneno makali ya kupinga kisasi na kutetea msamaha.

Lakini aliyeiteka dunia ni Mfaransa Gustave Doré. Inasimuliwa kwamba mchapishaji aliogopa gharama, Doré akatoa fedha zake mwenyewe. Jahanamu ikatoka mwaka 1861, kitabu kikubwa chenye picha zilizochongwa kwenye mbao, nacho kikanunuliwa kwa kasi. Toharani na Pepo zilisubiri mpaka mwaka 1868. Miaka saba, ndugu msikilizaji! Katika muda huo msomaji wa Paris alikuwa na picha za adhabu mkononi, na za rehema bado.

Picha zile zina nguvu, hilo sikatai. Na zina nguvu ya kuumiza pia. Dante aliwatia motoni mapapa na majirani zake kwa majina, na aliyoyaandika juu ya Mtume Muhammad ni tusi linalowauma Waislamu hadi leo. Doré aliyachora yote, bila kuuliza. Shairi laweza kubaki rafuni bila kufunguliwa. Picha humkuta hata asiyejua kusoma.

Katika karne ya ishirini mambo hayakubadilika sana. Mmarekani Robert Rauschenberg, kati ya mwaka 1958 na 1960, alihamishia picha za magazeti kwenye karatasi kwa dawa ya majimaji na kuzisugua, akatengeneza michoro 34 ya Jahanamu. Akaishia hapo. Mhispania Salvador Dalí ndiye aliyefanya zote tatu, picha 100 za rangi za maji, ingawa kwangu mimi anajichora yeye zaidi ya Dante.

Sababu si ngumu kuiona. Jahanamu ya Dante ina ngazi, mito, ngome na miili yenye uzito. Hata chini kabisa, kinyume na tunavyodhani, hakuna moto bali barafu, na Shetani amenasa humo. Mkono unajua kuchora vitu vya namna hiyo. Nuru inayozunguka ndani ya nuru, utaichoraje?

Hata hivyo Doré alipomaliza Jahanamu yake aliweka picha moja ambayo watu huipita upesi, maana haina anayelia. Wasafiri wawili, Dante na kiongozi wake Virgil, wameshatoka chini ya ardhi. Wamesimama kimya usiku, na mbele yao kuna anga iliyojaa nyota.